Na Waliokataliwa Je? Nao Wahesabiwe

Picha yangu bado iko kwenye bango. Niliiona tena majuzi kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Juba, siku programu mpya ya vijana wajasiriamali ilipokuwa inatambulishwa. Nimevaa tisheti ya njano, nimeshika cheti, natabasamu. Chini yake wameandika kwamba mimi ni mkimbizi niliyefanikiwa kibiashara. Jamani! Biashara yenyewe ilikufa miezi mitano baada ya picha kupigwa, na hakuna aliyenipigia simu kuuliza imekuwaje.

Wazo langu lilikuwa kuunganisha vijana wa boda na wateja wa sokoni kwa njia ya simu. Majaji walilipenda sana. Lilikuwa na slaidi, lilikuwa na ramani, lilikuwa na neno "teknolojia" karibu kila ukurasa. Shida ni kwamba vijana wa boda tuliowaandikisha hawakuwa na bando, na wateja wa Konyo Konyo walikuwa wanajua tayari namna ya kuita boda: unanyoosha mkono. Pesa kidogo niliyopewa iliisha kwa kuwanunulia watu wengine bando.

Sasa sikiliza upande wa pili. Siku ile ile niliyochukuliwa mimi, dada mmoja jirani yetu hapa Malakia alikataliwa. Yeye anatengeneza simu na redio. Walimwambia wazo lake halina ubunifu. Akarudi chini ya mwavuli wake, akaendelea kushika bisibisi. Leo ana kibanda cha mabati na vijana wawili wanaojifunza kazi kwake, na mimi mwenyewe nikikosa kibarua huenda kumsaidia. Picha yake haiko kwenye bango lolote.

Kabla hujaniambia kwamba sina shukrani, ngoja kidogo. Mimi na yule dada ni watu wawili tu, na watu wawili hawathibitishi kitu. Labda mimi ni mvivu. Labda yeye angepata ile nafasi leo angekuwa na maduka matatu. Labda wangempotezea muda. Hatujui. Na hatujui kwa sababu moja: shirika lina namba yake ya simu kwenye fomu, na halijawahi kuipiga.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Programu zinazokuja kwetu zinahesabu waliochukuliwa tu. Waliokataliwa hawahesabiwi kabisa. Na bila wao, hakuna mtu, awe profesa au mfadhili au sisi wenyewe, anayeweza kusema kama programu imesaidia au imepita tu kama mvua ya manyunyu.

Haya si maneno yangu ya kwenye kijiwe cha chai. Watafiti waliozichunguza programu hizi wameyafanyia kazi miaka mingi. Walioyaacha ni hawa wanaotuletea programu.

Twende polepole. Programu ya namna hii inaitwa akselereta, yaani kitu cha kuharakisha biashara changa. Ya kwanza kujulikana sana ni Y Combinator, iliyoanza Marekani mwaka 2005. Techstars ikafuata mwaka 2006, halafu zikaenea duniani kote. Mwaka 2014 watafiti wawili, Susan Cohen na Yael Hochberg, walieleza ni kitu gani kinachoifanya akselereta iwe akselereta: ina muda maalumu, wanaingia na kutoka kwa kundi, kuna mafunzo na menta, na mwisho kuna siku ya kunadi mawazo mbele ya watu.

Ukiisoma orodha hiyo utacheka, maana yote hayo tumeletewa. Wiki kumi na mbili, sawa. Kundi, sawa. Menta aliyekuja na ndege akaondoka na ndege, sawa. Siku ya kunadi, na soda, na picha, sawa kabisa. Kilichoachwa uwanja wa ndege ni lile swali ambalo wasomi hao waliuliza baadaye: je, hii kitu inafanya kazi?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Akselereta inachagua watu. Inachukua wale wanaoonekana wazuri na kuwaacha wengine. Sasa, wazuri wakifanikiwa, utajuaje kama ni kwa sababu ya programu? Ni kama kocha anayechagua watoto wanaokimbia kuliko wote mtaani, anawapa viatu, halafu anaandika ripoti kwamba viatu ndivyo vimewafanya wakimbie. Watoto walikuwa wanakimbia tangu zamani, baba!

Watafiti walipata njia ya kulitatua, na njia yenyewe inawahitaji waliokataliwa. Fikiria watu 100 wameomba, wamepewa alama, wanachukuliwa 20. Mtu wa kwanza na mtu wa 100 wanatofautiana sana. Lakini mtu wa 20 na mtu wa 21 je? Hao ni karibu sawa. Jaji mmoja alikuwa na njaa, mwingine alisikia vibaya, basi mmoja akaingia na mwenzake akabaki nje. Ukiwafuata wote wawili miaka miwili baadaye, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ni ya programu kweli. Mmoja peke yake hakuambii kitu. Lazima uwe na wote wawili.

Hivyo ndivyo Juanita Gonzalez-Uribe na Michael Leatherbee walivyofanya kule Chile. Serikali ya Chile ilianzisha Start-Up Chile mwaka 2010, ikawa inawapa wenye biashara changa dola 40,000 bila kuchukua hisa, pamoja na mahali pa kufanyia kazi. Wachache kati yao walichaguliwa tena kuingia kwenye shule ya ndani, wenye kufuatiliwa kwa karibu na kuulizwa hesabu ya kazi zao. Utafiti uliotoka mwaka 2018 uliwalinganisha waliokuwa juu kidogo ya mstari na waliokuwa chini kidogo ya mstari. Jibu: pesa na ofisi peke yake hazikuonyesha tofauti. Pesa pamoja na ile shule, tofauti ilionekana.

Unaweza kulipenda jibu hilo au kulichukia. Mimi mwenyewe nililichukia kidogo, maana kila siku tunapiga kelele tupewe pesa tu. Lakini tazama namna lilivyopatikana. Lilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyetunza majina ya walioachwa, akarudi kuwatafuta.

Na si Chile tu. Marekani, Benjamin Hallen na wenzake waliwalinganisha waliochukuliwa na akselereta na wale walioukaribia mlango wakakosa. Chuo Kikuu cha Emory na mtandao wa ANDE walikusanya habari za maelfu ya biashara zilizoomba kwenye akselereta nchi mbalimbali, zilizokubaliwa na zilizokataliwa pamoja, wakazifuatilia. Mtafiti mwingine, Sandy Yu, aliona jambo ambalo lilinipa faraja mimi mwenye bango: kampuni zilizopita kwenye akselereta zilifungwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko zinazofanana nazo, na zilizofungwa zilikuwa zimechukua pesa kidogo zaidi kabla ya kufungwa. Yaani kazi mojawapo ya akselereta ni kukuonyesha haraka kwamba wazo lako halitembei, kabla hujamaliza akiba ya mama yako.

Kwa maana hiyo labda programu yangu ilinisaidia! Labda bila wao ningeng'ang'ana na boda zangu miaka mitatu. Lakini shirika halijui hilo, kwa sababu kwenye ripoti yao mimi sijafunga. Mimi bado natabasamu kwa tisheti ya njano. Wameficha hata lile zuri walilonifanyia, kwa woga wa kuandika neno "imefungwa".

Sasa mtu wa shirika ataniambia: hayo ni mambo ya Chile na Marekani, hapa ni Juba, hali yetu ni ngumu, utafiti wa namna hiyo hauwezekani. Mimi nasema kinyume. Kwa kuwa hapa ni Juba, ndiyo maana unahitajika zaidi.

Chukua suala la pauni. Desemba 2015 serikali ilipoacha kuishikilia bei ya pauni ya Sudan Kusini, dola moja ilitoka chini ya pauni 3 ikaruka hadi zaidi ya 18 kwa bei ya benki. Leo tunaihesabu kwa maelfu. Mama wa chai anayeuza kikombe kile kile, sukari ile ile, leo "mauzo" yake kwa pauni yamepanda mara nyingi sana. Je, amekuwa tajiri? Muulize. Lakini nimekaa kwenye mikutano nikaona slaidi inayosema mauzo ya wanufaika yamepanda mara tatu ndani ya mwaka, na watu wakapiga makofi. Mara tatu ya nini? Kama wa upande wa pili, waliokataliwa, nao wamepanda mara tatu, basi kilichopanda ni bei ya sokoni. Hilo ungelijua kwa kupiga simu kwa watu waliokosa. Simu tu.

Chukua na mwezi wa kwanza wa 2025. Habari zilifika kwamba Wasudan Kusini wameuawa kule Wad Madani, Sudan. Hapa Juba maduka ya wafanyabiashara Wasudan yakavamiwa na kuporwa, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Wenzetu wa kikundi hiki wanaikumbuka wiki ile, sina haja ya kuwaeleza. Sasa fikiria programu iliyokuwa inaendelea wakati huo. Mwisho wa mwaka inaangalia wanufaika wake na kukuta nusu wamefunga. Je, programu ilikuwa mbaya? Au fikiria imekuta wengi bado wako wazi. Je, ilikuwa nzuri? Huwezi kujua mpaka uone waliopatwa na mkasa ule ule bila programu. Kama wote wameanguka sawasawa, programu haikuwakinga na kitu. Kama waliopita kwenye programu waliinuka haraka kidogo, hapo kuna kitu cha kujivunia. Kwenye nchi iliyotulia unaweza kukisia. Kwetu, ambako mwaka mmoja unaweza kubeba vita, mafuriko na dola, kukisia ni kujidanganya.

Niseme na juu ya majaji, maana wao ndio wanaochora mstari. Mwaka 2011 serikali ya Nigeria iliendesha shindano la mipango ya biashara lililoitwa YouWiN!. Waliomba karibu 24,000. Washindi walikuwa kama 1,200, na kila mmoja alipata kwa wastani dola 50,000 hivi. Wengi wa washindi hao, 729, hawakuchaguliwa na jaji. Walichaguliwa kwa kura, kati ya watu waliofika nusu fainali. Ndiyo maana mchumi David McKenzie aliweza kuwafuata walioshinda na walioshindwa na kusema kwa uhakika kwamba pesa ile ilileta biashara mpya, faida na ajira. Uwezekano wa kuwa na wafanyakazi 10 au zaidi ulipanda kwa zaidi ya pointi 20 za asilimia. Halafu yeye na Dario Sansone wakauliza: je, alama za majaji zilitabiri nani atafanikiwa kati ya hao? Hazikutabiri. Hata kompyuta walizozilisha data nyingi hazikuweza kutabiri kwa kiasi kikubwa.

Ndugu yangu uliyekataliwa, soma hapo mara mbili. Yule mtu aliyekutazama dakika tano akasema huna ubunifu, alikuwa anakisia. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba kazi aliyopewa, hakuna anayeiweza vizuri. Usilale nayo moyoni kama hukumu ya mahakama. Na wewe uliyechukuliwa, kama mimi, usitembee kifua mbele.

Nimetaja sehemu za mbali. Sasa nije jirani, maana kuna watu karibu na sisi waliowahesabu waliokosa, na walichokipata kingebadilisha programu zetu kesho asubuhi kama kuna anayesoma.

Kaskazini mwa Uganda, ng'ambo tu ya Nimule, serikali iliwapa vijana pesa mwaka 2008, kwa vikundi, kama dola 382 kwa kila mtu, ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Hapakuwa na mtu wa kuwasimamia kila siku. Vikundi vya kupata vilichaguliwa kwa kura. Christopher Blattman na wenzake waliwafuata waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 38 kuliko waliokosa. Safi! Lakini hawakuishia hapo. Walirudi tena baada ya miaka tisa, wakakuta waliokosa wamewafikia wenzao kwa kipato, ingawa waliopata walibaki na mali zaidi na kazi za ufundi zaidi. Yaani ruzuku ilikuwa kama kusukumwa mlimani: ulifika mapema, na mwenzako alifika baadaye kwa miguu yake. Miaka tisa! Kwetu nani amewahi kurudi hata baada ya miezi tisa?

Twende Nairobi, Dandora. Wengine hapa mliokulia Kakuma mmepita huko. Watafiti Brooks, Donovan na Johnson waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo, wakawagawa kwa kura. Wengine waliingia darasani kusoma mambo ya biashara. Wengine waliunganishwa na mama wa pale pale Dandora aliyefanya biashara siku nyingi, wakawa wanakutana. Wengine hawakupewa kitu, walihesabiwa tu. Waliosoma darasani hawakuona faida yao ikiongezeka. Waliokuwa na menta wa mtaani, faida ilipanda kwa asilimia 20 hivi kwa wastani. Siri ilikuwa nini? Mama yule alimwambia mdogo wake bidhaa inanunuliwa wapi kwa bei nafuu. Basi. Na walipoacha kukutana, faida ile ilififia.

Mimi nilisoma habari hiyo nikashika kichwa. Wiki kumi na mbili tulifundishwa kuchora vibox kwenye karatasi kubwa. Hakuna hata mmoja aliyetupeleka mita mia chache hadi Konyo Konyo kukaa na mama anayejua lori lipi la Uganda linashusha mzigo kwa bei gani. Yule mama hana slaidi, lakini ndiye menta. Na pesa ya nauli ya ndege ya menta mmoja tu ingewalipa mama kadhaa kwa muda wao.

Lakini tena, tusikimbie. Sisemi Dandora ni Malakia. Inawezekana hapa mama wa soko akamuogopa kijana kama mshindani asimwambie kitu. Inawezekana mkimbizi asiaminiwe na mwenyeji. Jaribuni, mhesabu pande zote, tujue. Hicho tu ndicho ninachodai.

Nazijua sababu mtakazotoa, ndugu zetu wa mashirika. Najua pia wengi wenu ni vijana kama sisi, mkataba wa miezi sita, ripoti ya mfadhili inadaiwa Ijumaa. Siwatukani. Naomba tujibizane tu.

Mtasema: si haki kumhoji mtu ambaye hukumpa kitu. Kweli, ni vibaya kumsumbua mtu bure. Basi mlipeni muda wake, mtumieni salio, mwambieni mapema siku ya kujaza fomu kwamba mtampigia hata akikosa, na mpeni uhuru wa kukataa. Tayari mnatuuliza maswali mengi kwenye fomu ya kuomba: umri, kambi, kabila, umeolewa, umewahi kupigwa. Tunajibu yote tukitafuta nafasi. Ukishanikataa, majibu yangu yote unayaweka wapi? Huko ndiko kunisumbua bure.

Mtasema: sisi ni shirika dogo, utafiti ni gharama. Tazama bei ya ukumbi wa siku ya kunadi, halafu uje tuongee. Maswali matano kwa simu hayahitaji profesa: Biashara bado ipo? Unafanya na watu wangapi? Wiki iliyopita ilibaki shilingi, pauni, kitu gani mkononi? Umehama? Nini kilikupata? Vijana wa kikundi hiki wanaongea Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza. Tunaweza kupiga simu hizo wenyewe.

Mtasema: waliokataliwa hawapatikani, wamehama. Sisi tunakutana nao kila siku kwa mama wa chai. Wanaopotea kwa haraka ni wafanyakazi wa mradi, mradi ukiisha.

Na kuna sababu ambayo hamsemi kwa sauti, nitaisema mimi. Mnaogopa jibu. Mkipiga simu na kukuta waliokosa wako sawa na waliopata, mfadhili ataondoa pesa. Naielewa hofu hiyo, maana na mimi niliogopa kusema nimefunga. Lakini mjue gharama yake inalipwa na nani. Kila mwaka kundi la vijana linaacha vibarua wiki kumi na mbili kwa ajili ya kitu ambacho hakuna anayejua kama kina faida. Kijana asiyekuwa na kibarua wiki kumi na mbili, nyumbani wanakula nini? Gharama hiyo haiko kwenye bajeti yenu. Iko kwenye sufuria zetu.

Na msifikiri mkimbizi kazi yake ni kuhojiwa tu. Robert Hakiza, Mkongo aliyekimbilia Kampala na kuwa mmoja wa waanzilishi wa YARID, jina lake liko kwenye orodha ya waandishi wa utafiti uliofanyika Kampala kuhusu ruzuku kwa wafanyabiashara wadogo na maoni ya wenyeji juu ya wakimbizi. Jina lake liko kati ya waandishi wenyewe. Kampala imewezekana.

Basi, tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji ndege.

Kwanza, kila programu itakayofika hapa itunze orodha ya waombaji wote, na itoe hesabu yao hadharani: wangapi waliomba, wangapi walichukuliwa. Majina yafichwe, tafadhali. Orodha ya wakimbizi si kitu cha kuachwa kwenye kompyuta ya kila mtu.

Pili, wale wa katikati, ambao majaji wenyewe hawakubaliani, wapigiwe kura mbele ya watu. Karatasi ndani ya kofia. Ni haki zaidi, na inaondoa maneno ya "amechukuliwa kwa sababu ya kabila lake" au "kwa sababu anamjua fulani". Pia inatupa njia safi ya kulinganisha.

Tatu, pigeni simu baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka miwili, kwa wote. Biashara iliyofungwa iandikwe imefungwa, bila aibu na bila kumwadhibu mtu.

Nne, majibu yaletwe hapa hapa, kwa lugha tunazoelewa, kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wa Nairobi au Geneva. Kama yanauma, yatuume pamoja.

Kwa upande wetu tumeanza. Tumenunua daftari. Kila aliyewahi kuomba programu yoyote ya biashara hapa mjini, aliyepata na aliyekosa, anaweza kuja kuandikwa, kwa jina la utani akipenda. Si utafiti, hatujidanganyi. Anayekuja mwenyewe kuandikwa si sawa na aliyetafutwa. Lakini siku shirika litakapotuambia waliokataliwa hawapatikani, tutaweka daftari mezani.

Na kwa wenye bango: picha yangu msiishushe. Ongezeni tu maneno mawili ya ukweli chini yake, kwamba biashara ilifungwa mwezi wa tano. Halafu mkamtafute yule dada wa bisibisi. Namba yake mnayo.

Jumamosi, saa kumi jioni, kwa mama wa chai pale pale. Njoo na mwaka ulioomba na jibu ulilopewa. Uliyechukuliwa njoo. Uliyekataliwa, wewe ndiye tunayekusubiri zaidi.